WATOTO WA MZEE SHABANI: NYUMBA YA BONDENI 🏠

*Jumanne*

06:14 Mwanaisha: Assalam alaykum jamani. Mpangaji ametoka na nyumba iko tupu. Jana nimeshinda huko na fundi, chumba kwa chumba. Naandika yote hapa ili kesho mtu asiseme hakuambiwa.

06:22 Mwanaisha: Sebule. Ukuta unaopakana na bafu unatoa chumvi mpaka kiunoni. Ukigonga plasta unasikia utupu nyuma yake. Huyo aliyetoka alipaka rangi ya mafuta juu ya unyevu, sasa imefanya malengelenge na kubambuka. Kinacholowesha ni lile bomba la chuma la zamani lililopita ndani ya ukuta, limeoza. Fundi anasema tuchimbe tuweke bomba la plastiki, tukwangue plasta yote iliyokufa, ukuta ukae wazi ukauke, ndipo tupige plasta mpya. Rangi iwe ya maji, si ya mafuta. Nimekubaliana naye.

06:30 Mwanaisha: Stima. Waya ni zile zile za Mzee, na sanduku ni la fyuzi za kufunga kwa kijiwaya. Soketi za vyumbani hazina athi, ile waya ya kwenda ardhini, hata moja. Bafuni walifunga shawa ya kuchemsha maji kwenye waya ya taa, imeungua mpaka ukuta umekuwa mweusi. Mtoto wa mtu angefia pale. Nataka waya mpya nyumba nzima, na fundi wa stima awe na leseni ya EPRA, wale wa serikali wanaosimamia stima. Sitaki wa kuungaunga.

06:33 Mwanaisha: Ufa wa korido msiuzibe kwanza. Fundi amebandika kipande cha kioo juu yake kwa simiti. Kioo kikipasuka tutajua ukuta bado unatembea. Ardhi yetu hii ni majivu ya volkano, haitabiriki mvua ikija.

06:34 Mwanaisha: Sakafu nyekundu ni nzima. Inataka kusuguliwa na nta tu. Habari za taili msiniletee.

06:41 Mwanaisha: Makadirio ni 180,000. Tuko mafungu sita, la marehemu Dada Mwajuma analibeba Shemeji. Kila fungu 30,000, kwangu kwa M-Pesa kabla ya Ijumaa.

09:02 Shemeji Athumani: Waalaykum salaam. Inshallah.

12:47 Hamisi: Da Isha hii ni hotuba ya Ijumaa imekuja Jumanne 😂 nimeegesha nduthi kabisa nisome

12:48 Hamisi: Rangi iwe krimu. Ile krimu ya meno ya watu wa Nakuru, hata uchafu hauonekani

12:50 Rehema: 😂😂😂 Mjomba!

12:51 Hamisi: Floraidi ya kugeuza meno rangi tumepewa bure kwenye maji, tuitumie

12:53 Mwanaisha: Hamisi. 30,000.

12:53 Hamisi: Mtandao unakatika

*Jumatano*

05:58 Mwanaisha: Alama za buluu naziona. Mmesoma wote. Waliojibu ni Shemeji na Hamisi, na Hamisi hakujibu kitu.

13:20 Mwanaisha: Kaka Idi? Da Salma? Juma?

20:15 Kaka Idi: Nyumba ya kupangisha haitaki yote hayo. Pakeni rangi, wekeni taili sebuleni. Mpangaji akija anaangalia sakafu na jiko. Waya ziko ndani ya ukuta, nani anaziona? Wiki mbili tumemaliza, tunaanza kupokea kodi.

20:19 Mwanaisha: Kwa heshima Kaka. Rangi juu ya ukuta mbichi haivuki masika. Ukuta huo umepakwa mara ngapi na kila mara unarudi pale pale? Na waya hazionekani mpaka siku zinapoua. Siwezi kumkabidhi mtu funguo za nyumba ninayoogopa kuoga ndani yake.

20:24 Kaka Idi: Mimi nimejenga. Najua ninachosema.

23:40 Salma: Umejenga kweli Kaka. Mabati ulikuwa nayo.

23:41 Salma: Nilikuwa nimenyamaza.

23:44 Hamisi: *Ujumbe huu umefutwa*

23:45 Rehema: Mjomba nimeshausoma 🙈 kuku wa Njoro wamekukosea nini

23:52 Kaka Idi: Habari ya mabati tuliimaliza mbele ya Mama, Mungu amrehemu.

23:58 Salma: Uliimaliza wewe. Mimi nilikuwa Doha jikoni kwa watu, natuma mshahara, naambiwa paa la Mama linageuzwa kabla ya Ramadhani. Nitumie picha ya paa hilo Kaka. Moja tu.

*Alhamisi*

05:31 Mwanaisha: Jamani, ya mabati yawekewe kikao chake. Da Salma nakuomba, dadangu.

07:10 Salma: Sawa. 30,000 yangu nitamlipa mwenye duka la waya moja kwa moja. Nipe namba yake ya malipo. Pesa yangu haipiti mkononi mwa mtu tena. Si wewe Isha, unajua.

07:12 Mwanaisha: Najua.

11:05 Mwanaisha: Shemeji ameniuliza pembeni kuhusu ushuru, nijibu hapa wote msikie. Nyumba kubwa tukiipata 16,000 na vyumba vya nyuma 10,000, ni 26,000 kwa mwezi, yaani 312,000 kwa mwaka. Ikivuka 288,000 KRA wanachukua asilimia 7.5 ya kodi yote kabla ya kutoa gharama, tangu Januari 2024. Kwetu ni 1,950 kila mwezi, na inalipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Tukipangisha nyumba kubwa peke yake hatufiki huko. Lakini hati bado iko kwa jina la Mzee. Atakayeandikishwa ni nani?

11:06 Mwanaisha: Nasubiri jibu la hilo.

16:44 Hamisi: Mtu anauza godoro nne kwa sita, halina doa, Free Area. Mwenye kutaka aje kando

16:45 Mwanaisha: Hamisi!!

18:20 Mwanaisha: [Picha] [Picha] Jumamosi fundi anaanza. Kwanza kabisa paa la jiko, zile bati za kijivu za mawimbi, zimepasuka na zinavujia kwenye dari ya korido. Kijana wake atapanda na nyundo azivunje, vipande tuvijazie lile shimo la uani. Juu tuweke mabati ya kawaida.

18:31 Kaka Idi: Hapo sawa.

*Ijumaa*

14:02 Mwanaisha: Nimepokea: Shemeji 0, Kaka Idi 0, Hamisi 5,000, Juma 0. Mimi nimeweka yangu. Salma amelipia waya, risiti hii hapa [Picha]

22:10 Juma Kisumu: Samahani jamani, nilikuwa Nyando tangu Jumatatu, mtandao wa shida, picha hazifunguki. Ndiyo naona picha sasa. Da Isha, hizo za kijivu si bati. Ni asbestosi. Zisiguswe.

22:12 Hamisi: Nilidhani Asbestosi ni beki mpya wa Gor Mahia 😂

22:12 Rehema: 😂😂 namba tano mgongoni

22:13 Hamisi: Juma na Gor yako, msimu huu hata mabati hamwezi kuzuia

22:15 Juma Kisumu: Hamisi sitanii. Nisomeni mpaka mwisho.

22:19 Juma Kisumu: Kitu hiki kimepigwa marufuku Kenya tangu 2006. Kikiwa kizima na hakuna anayekigusa, hatari ni ndogo. Ukikivunja kinatoa nyuzi ndogo zisizoonekana, ukizivuta zinakaa kwenye mapafu na hazitoki. Ugonjwa unaweza kuja baada ya miaka 20, hata 40, na mwingine ni saratani. Kuziondoa ni kazi ya mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Zinalowanishwa, zinafunguliwa nzima nzima, zinafungwa kwenye plastiki nene na kupelekwa panaporuhusiwa. Hazipigwi nyundo. Na hazifukiwi uani ambako watoto wa mpangaji watachezea.

22:24 Mwanaisha: Ya Rabi. Fundi anaanza kesho saa moja asubuhi.

22:25 Juma Kisumu: Mzuie.

22:31 Kaka Idi: Juma haya ni ya semina. Tumelala chini ya paa hilo tangu 1974. Nani kafa?

22:31 Kaka Idi: Mtu wa leseni atataka pesa ngapi? Mnataka tuuze nyumba ili tutengeneze jiko?

22:50 Mwanaisha: Fundi hashiki simu.

*Jumamosi*

05:38 Rehema: Shikamooni wote. Nimemsomea Bibi Zuhura kila kitu jana usiku, hakulala. Amesema niandike kama atakavyotamka, nisiongeze wala nisipunguze.

05:46 Rehema: "Idi, umeuliza nani kafa. Hizo Shabani alizinunua reli walipobomoa kota zao. Alizikata kwa msumeno wa mkono pale uani, kutwa nzima, na nyinyi mkichora kwa vidole kwenye lile vumbi. Dada yangu, mama yenu, alilifagia. Unajua Shabani alivyokohoa, wewe ndiye uliyekuwa ukimwinua usiku. Sisemi ni hizo, daktari hakunitajia. Nasema nyundo isipande juu ya paa lile mpaka nifike mimi Zuhura. Na Salma arudishiwe chake. Nimemaliza."

05:47 Shemeji Athumani: Marahaba Rehema. Shikamoo Mama. Tumesikia.

05:52 Hamisi: Shikamoo Mama

06:03 Juma Kisumu: Shikamoo Mama. Ahsante.

06:04 Salma: Shikamoo Mama. Mungu akuweke.

06:20 Mwanaisha: Shikamoo Mama, tumesikia na tumetii. Nimempata fundi, alikuwa tayari ameshatoka Kaptembwo na ngazi. Leo ni ukuta wa sebule na bomba tu. Jiko litafungwa, hakuna atakayeingia. Dari ya korido nayo isiguswe maana vipande vilivyopasuka viko juu yake. Mama unakuja lini nikupangie gari?

06:41 Rehema: Amesema akimaliza kuvuna mahindi.

06:42 Mwanaisha: Hiyo ni lini?

06:58 Mwanaisha: Rehema?

07:05 Rehema: Ameenda shamba, simu kaiacha.

07:09 Mwanaisha: Juma, mwenye leseni ya NEMA umempata? Anataka ngapi kwa jiko na korido? Ile 180,000 haikuwa na hesabu hiyo. Tukikosa, je tunaweza kuyaacha yalivyo na kuyafunika, tupangishe nyumba kubwa kwanza?

07:16 Juma Kisumu: Yaliyopasuka siwezi kukuambia uyafunike kwa kukisia. Nimemwandikia mmoja yuko Nakuru, bado hajajibu. Aje ayaone.

07:18 Mwanaisha: Kaka Idi, naona umesoma. Ufunguo wa jiko unao wewe.

07:40 Mwanaisha: Kaka?

07:52 Kaka Idi: Ufunguo nilimpa kijana wa fundi jana.

07:52 Mwanaisha: Hamisi uko wapi? Pita Bondeni sasa hivi uuchukue.

07:55 Hamisi: Niko Lanet na abiria. Nikimshusha nakuja mbio, nusu saa

07:55 Mwanaisha: Mimi naondoka nyumbani sasa. Kijana hashiki simu.

07:57 Salma: Kaka Idi, neno la mwisho la Mama umelisoma?

08:26 Shemeji Athumani: 30,000 yangu itaingia Jumatatu inshallah.