Santorini, Naxos au Symi? Siku sita, kamera moja, na mama mwenye goti bovu

Binti_Pangani
Salaam wadau. Mama anakuja Stuttgart mwezi wa nane, na mwisho wa Septemba nataka nimpeleke kisiwa kimoja cha Ugiriki kabla hajarudi Tanga. Siku sita tu, likizo yangu imeishia hapo. Napiga picha kwa kujifurahisha: kamera moja, lenzi ya milimita 24-70 na nyingine ndogo ya 35. Mama ana miaka 67, anaona mbali kuliko mimi, ila goti la kushoto linamsumbua. Ngazi kumi anapanda, ya kumi na moja anaanza kumtaja daktari wake.

Nimechambua nimebakiwa na Santorini, Naxos na Symi. Mngekuwa nyinyi mngekwenda wapi?

MkaaBerlin
Santorini, sizungushi maneno. Nimekwenda mara mbili. Unasimama ukingoni mwa volkano iliyozama, bahari imejaa ndani yake, na nyumba nyeupe zimening'inia juu ya genge la mita 300 hivi. Ndege zinatua hapohapo kutoka miji mingi ya Ulaya, hamhitaji meli.

Ila Oia, kijiji maarufu cha huko kwa machweo, usiende jioni. Watu wanaanza kubanana kwenye magofu ya ngome jua likiwa bado juu, na utakachopiga ni visogo vyao na simu walizoinua. Nenda saa moja kasorobo asubuhi. Hapo vichochoro ni vyako na paka. Jua halijatoka, kuta zimekuwa za samawati, na kamera haihangaiki. Mchana kuta zilezile zinaidanganya: inaona weupe mwingi, inatia picha giza, na chokaa inatoka kama majivu. Ongeza mwanga, hata stopu nzima, yaani mara mbili ya unaoonyeshwa.

Mzee_wa_Lenzi
MkaaBerlin, umemsahau mama. Oia na Fira, mji mkuu wa kisiwa, ni ngazi juu ya ngazi. Kutoka bandari ya zamani kupanda Fira tu ni ngazi karibu 600. Hapo kuna gari la kamba, lakini ukishafika mjini ni miguu yako. Na watu! Wameweka kikomo cha abiria 8,000 wa meli za kitalii kwa siku, na hapo ndipo walipopunguza.

Mimi nasema Naxos. Ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Cyclades, kundi la visiwa ambalo hata Santorini imo, na kina mlima, Zas, unaopita mita 1,000. Ukishuka tu melini unaliona lango la marumaru limesimama peke yake, Portara. Ni mlango wa hekalu walilolianza karne ya 6 kabla ya Kristo wasilimalize. Hekalu hakuna, mlango upo. Linafikika kwa miguu kutoka gatini kupitia tuta lililojengwa baharini, na jioni jua linashuka ndani ya ule mlango ukisimama vizuri.

Ndani ya kisiwa kodi gari. Nenda kijiji cha Apiranthos, vichochoro vimetandikwa marumaru. Endelea hadi Apollonas, kuna sanamu ya zaidi ya mita kumi imelala chali kwenye machimbo. Waliichonga, wakaiacha, na mpaka leo haijainuka. Hapo lenzi pana inahitajika, na mama asimame pembeni ya kichwa ili ukubwa uonekane.

Chakula je? Viazi vya Naxos vinasifiwa Ugiriki nzima. Viazi, si mzaha.

Safari_Muscat
Naongezea onyo kwenye Portara. Nilikwenda Julai. Upepo wao wa kiangazi unaitwa meltemi, unatoka kaskazini, yaani kwetu ni kusi na kule ni kaskazi mwezi huohuo. Mawimbi yanapiga tuta, yanarusha maji ya chumvi mpaka usoni. Mimi kwa ujuaji wangu nikabadilisha lenzi palepale, chumvi ikaingia ndani ya kamera. Nilipofika hotelini, kila picha yenye anga ina madoa saba, mahali palepale, kama tui. Madoa ya picha 214 niliyafuta moja moja. Septemba ikiisha upepo unapungua, lakini badilisha lenzi mkahawani.

Stendi ya kamera usiipeleke kwenye magofu bila kuuliza, sehemu nyingi wanataka kibali. Droni ndiyo kabisa.

Kasa_Mdogo
Mbona hakuna anayemtetea Symi? Haina uwanja wa ndege, unashuka Rhodes, unapanda boti. Bandari ya Gialos imezungukwa na nyumba za manjano, za rangi ya udongo na za waridi, zimepandana mlimani kama viti vya uwanja wa mpira. Utajiri ule ulitokana na sifongo: vijana walizama kuzitoa chini ya bahari. Wengi hawakurudi wazima.

Siri ya Symi ni kulala hukohuko. Boti za Rhodes zinamwaga watu kabla ya mchana, na jioni zinawazoa. Baada ya hapo maji yanatulia, nyumba zinaonekana mara mbili. Na kuna uduvi wao mdogo mwekundu, unakaangwa na kuliwa mzimamzima, ganda na yote. Mama wa Pangani ataelewa.

Sasa ukweli: kupanda kijiji cha juu kuna ngazi 500 hivi, Kali Strata. Basi dogo lipo. Na akitaka kuingia monasteri ya Panormitis, kanga itafaa mabegani.

MkaaBerlin
Sawa, goti limeshinda. Lakini Naxos hadi Santorini boti ya kasi ni kama saa moja na nusu. Nenda peke yako siku moja, mama abaki ufukweni Agios Prokopios.

Binti_Pangani
Nimekata tiketi: Athens, kisha meli ya bandari ya Piraeus hadi Naxos, ile kubwa inayotumia kama saa tano njiani, maana mama hataki boti inayoruka. Santorini nitaona hukohuko. Symi, Kasa_Mdogo, umenitia tamaa lakini itasubiri.

Mama alikuwa kwenye simu nikimsomea majibu yenu. Babu yake alikata mkonge kwenye shamba la Mgiriki huko Korogwe, na mama siku zote alitaka kujua wale watu kwao wanalima nini. Nikamwambia viazi. Amecheka mpaka simu ikakatika.