Nataka kununua No.4 (T): niachie K98k, Mosin au M96 ya Uswidi?

Kitako_Imara
Wakuu, habari zenu. Nimepata fununu ya bunduki ya Kiingereza, Lee-Enfield No.4 Mk I (T), ile ya wadunguaji, na darubini yake ipo. Mwenyewe amenipa nafasi ya kwanza kabla hajaitangaza kwa wengine, ila hatanisubiri sana. Kabati langu la chuma limejaa, na mfuko hauruhusu kununua bila kuuza. Lazima moja iondoke, pengine mbili. Zilizo kwenye mizani ni Mauser K98k ya Kijerumani, Mosin-Nagant 91/30 ya Kisovieti na Mauser ya Uswidi M96. Naombeni mnilinganishie. Mngekuwa nyinyi mngeachia ipi?

Bolti_Nyuma
Mkuu, umetuletea majina matupu. K98k ni ya kiwanda gani, mwaka gani? Namba ya bolti (chuma unachovuta na kusukuma kuingiza risasi) na ya mwili zinafanana, au ni vipuri vilivyokutana ghalani? Mosin ni ya kiwanda cha Tula au cha Izhevsk? Ile ya Uswidi kisahani cha shaba kipo kwenye kitako au kilishang'olewa? Mitutu ikoje ndani? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Shabaha_Njema
Na picha. Picha za mihuri, siyo za bunduki imeegemezwa ukutani.

Mzee_wa_Kutu
Mimi picha sihitaji. Uza Mosin. Zilitengenezwa kwa mamilioni, na ghala za Kisovieti zilipofunguliwa zilikuwa zinauzwa kwa makreti, zimezama kwenye grisi. Ukiijutia mwakani utapata nyingine. Ya Uswidi usiiguse kabisa, chuma chake na usafi wa kazi yake hutaviona tena. K98k ndiyo ya kujadili.

Gobori
Mzee, hilo neno "utapata nyingine" ndilo lililoniponza mimi, na nitalisimulia hapa ili mwenye uzi aamue akiwa amesikia.

Nilikuwa na SMLE Mk III, Lee-Enfield ya zamani zaidi, ya Lithgow, Australia, ya mwaka 1916. Namba ilikuwa moja kila mahali: kwenye mwili, kwenye bolti, kwenye jani la shabaha ya nyuma, kwenye kichwa cha mbele panaposhikia singe, na ukiivua, hata upande wa ndani wa ubao wa mbele. Ile springi ndogo inayosukuma mtutu ndani ya ubao ilikuwa bado ipo, na wanaozijua hizi wanajua mara ngapi hukosekana. Ikaja bastola ya Kijerumani, Luger P08 ya kiwanda cha DWM, ya 1917, inameta kama kiatu cha harusi. Nikajiambia SMLE zimejaa duniani, Luger haina mwenzake. Nikauza, nikanunua.

Nilipoitazama ile Luger taratibu chini ya taa, herufi za kiwandani kingo zake zilikuwa zimelainika kama zimepakwa siagi. Maana yake ilishasuguliwa na kutiwa weusi upya. Kifyatulio na wenzo wa usalama, ambavyo enzi zile vilichomwa mpaka vikapata rangi ya majani makavu, vilikuwa vya manjano inayong'aa mno. Nikaanza kusoma zile tarakimu mbili za mwisho zinazopigwa kwenye vipande vidogo vidogo. Bamba la ubavuni lilikuwa la bastola nyingine. Muuzaji aliniambia "namba zote sawa", na nikimtafuta leo hapokei simu.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Baadaye nakutana na SMLE yangu kwenye uwanja wa shabaha. Ubao wa mbele umekatwa nusu, kichwa cha mbele hakipo, mwili umetobolewa ili ukae darubini ya kisasa. Nilisoma namba ya bolti mara mbili kabla sijaamini. Jamaa hakuwa na ubaya wowote, alinieleza kwa furaha kwamba alitaka kuipunguza uzito aende nayo porini. Akaniambia kama naitaka tena atanipa kwa bei nzuri. Ningenunua nini? Luger bado ninayo, maana kila anayeijua anaiweka chini na kuondoka.

Bolti_Nyuma
Pole, lakini jamaa alinunua mali yake. Baada ya vita zile zilikuwa bunduki za ziada za jeshi, watu wengi sana walizikata wakaenda nazo kuwinda. Hiyo nayo ni historia.

Mzee_wa_Kutu
Historia ya kukata historia! Aliyefanya hivyo mwaka 1955 namsamehe, zilikuwa zimerundikana na hakuna aliyezitaka. Anayefanya leo hana utetezi. Na wako wengine ni ndugu zao, wanapitisha msasa kwenye kitako ili kipendeze. Ule muhuri wa ukaguzi kwenye mbao ukishasuguliwa hakuna fundi wa kuurudisha. Kovu la mbao ni la askari, msasa ni wako wewe.

Shabaha_Njema
Mzee, si kila kovu ni la askari. Mengine ni ya dereva wa lori na ya mwenye ghala.

Kitako_Imara
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Majibu ni haya. K98k ni byf 43. Namba ya asili ya bolti haifanani na ya mwili, ila nyingine imechorwa kwa mkono, si kwa muhuri, ifanane na ya mwili. Upande wa kushoto kuna alama ya X. Mbao inang'aa wekundu fulani. Mosin ni ya Izhevsk 1934, mwili wake una pembe, si wa duara. M96 ni ya kiwanda cha Carl Gustafs, 1915, namba sawa kila nilipoangalia, kisahani kipo. Mitutu: ya Uswidi ni kioo, Mosin ina giza kidogo mdomoni, K98k inaridhisha.

Bolti_Nyuma
Ungesema tangu mwanzo tusingegombana. byf ni Mauser wenyewe, Oberndorf. Lakini hiyo X na namba za kuchorwa zinasema ilitekwa na Wasovieti, ikafunguliwa pamoja na maelfu ya wenzake, ikatiwa weusi, ikaunganishwa na bolti iliyokuwa karibu, kisha namba ikaandikwa kwa kalamu ya umeme. Wekundu wa mbao ni shelaki yao. Ni bunduki halali yenye safari yake, ila kwa wakusanyaji si sawa na ile iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani. Ningekuwa wewe, hiyo ndiyo ningeiuza.

Mzee_wa_Kutu
Na Mosin ya mwili wa pembe ya 1934 nabadilisha kauli kidogo. Za pembe ziliachwa katikati ya miaka ya 1930, na zile za wakati wa vita zimeachwa na alama za mashine mpaka unaweza kukwangua nazo sahani. Yako ni ya kabla ya pupa. Basi K98k.

Darubini_32
Nyote mnajadili kinachotoka, hakuna anayeuliza kinachoingia. Mwenye uzi, hiyo (T) umeishika kwa mkono au umeiona kwa picha?

Kitako_Imara
Nimeishika, mkuu. Nzuri sana. Kipande cha mbao cha kuegemeza shavu kipo, darubini No.32 ipo, hata boksi lake.

Darubini_32
"Nzuri sana" haitoshi. Kipande cha shavu kinaungwa kwa skrubu mbili, fundi yeyote anakuwekea. Bunduki hizi zilichaguliwa kiwandani kwa kulenga vizuri, nyingi zikapelekwa kwa mafundi bunduki wa London, Holland & Holland zikafungiwa vikalio vya darubini. Kwa hiyo tafuta haya: TR kwenye shingo ya chuma upande wa kushoto, T kwenye mwili, na S51 chini ya kitako, hiyo ndiyo alama ya Holland & Holland. Halafu angalia juu ya mbao, pale kidole gumba kinapolala ukishika. Pana namba imepigwa, na hiyo ni namba ya darubini. Namba ya bunduki nayo iko kwenye kishikio cha darubini. Vikikubaliana vyote, uza hata kitanda. Visipokubaliana una No.4 na una darubini, na hivyo ni vitu viwili. Soma hizo namba, usiulize mwenyewe.

Kitako_Imara
TR nimeiona. Juu ya mbao sikuangalia, palikuwa na mkanda umezungushwa.

Darubini_32
Mkanda umezungushwa pale pale penye namba. Sawa.

Gobori
Hahaha! Mwenye uzi, soma tena habari ya Luger yangu.

Vuta_Moja_kwa_Moja
Kwa nini hakuna anayetaja K31 ya Uswisi? Bolti yake huzungushi, unavuta nyuma moja kwa moja na kusukuma. Imetengenezwa kama saa. Na ukifungua bamba la kitako mara nyingi unakuta kikaratasi chenye jina la askari aliyepewa na kikosi chake. Mimi nimekuta. Kuna (T) itakayokupa hilo?

Bolti_Nyuma
Hajauliza K31, mkuu. Kila uzi unakuja nayo.

Vuta_Moja_kwa_Moja
Na kila uzi naeleza ukweli. Ukikuta kile kikaratasi, utauzaje tena? Rafiki yangu aliuza yake pamoja na karatasi ndani, mpaka leo analiandika lile jina kwenye matangazo akiitafuta.

Shabaha_Njema
Swali la pembeni. Kabla hajauza chochote, karatasi zake za kisheria zikoje? Kila nchi ina mlango wake. Marekani, bunduki iliyotengenezwa mpaka 1898 sheria ya shirikisho inaihesabu ya kale, ndiyo maana watu wanazigombania M39, Mosin za Ufini zilizojengwa juu ya miili ya zamani: ukivua mbao unakuta mwaka wa karne ya 19 kwenye mkia wa mwili. Uingereza wanatazama aina ya risasi, na mwaka 2021 waliondoa aina 7 kwenye orodha ya zile za kale. Mtu alilala na pambo akaamka na silaha inayohitaji cheti. Hizi zake tatu zote ni za kuandikishwa katika nchi nyingi, kwa hiyo mnunuzi bila kibali ni hapana, hata awe shemeji.

Kitako_Imara
Vibali viko sawa, na nitauza kwa mwenye kibali tu. Hilo halina mjadala.

Mzee_wa_Kutu
Na ukiiuza hiyo K98k, mwambie mnunuzi ukweli wa X.

Nahodha71
Nachelewa lakini nasema. Mimi niliziuza zote za karne ya 20 nikabaki na Mauser ya 1871, ya baruti nyeusi, risasi moja moja, milimita 11. Hizo ndizo askari wengi wa jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki walikuwa nazo kwenye vita vya Tanga, Novemba 1914, Mwingereza wa upande wa pili ana bunduki ya baruti isiyo na moshi. Ukifyatua tu, wingu jeupe linakutangaza ulipo. Na bado walishinda, wakaokota Lee-Enfield za kutosha kwenda nazo. Bunduki yenye habari ya namna hiyo haina haja ya namba kufanana.

Bolti_Nyuma
Nahodha, ya kwako ilikuwepo Tanga?

Nahodha71
Sikusema ilikuwepo.

Bolti_Nyuma
Basi habari si ya bunduki yako, ni ya ndugu zake. Ndiyo maana tunataka namba na mihuri. Habari kila muuzaji anayo.

Gobori
Hapo Bolti umenena. Nimeshauziwa singe "ya Rorke's Drift", vita vya Waingereza na Wazulu vya 1879, na mtu asiyejua kwamba pale walikuwa na bunduki za Martini-Henry. Singe yenyewe ilikuwa ya SMLE, bunduki ya karne iliyofuata.

Nahodha71
Mnaniingiza kwenye kundi la matapeli bure. Nimesema aina, sikusema hii. Na moshi wake ni mtamu, njooni uwanjani mjionee.

Shabaha_Njema
Moshi mtamu, kusafisha je? Wewe unatumia maji ya moto?

Nahodha71
Maji ya moto na sabuni, kisha kukausha vizuri, kisha mafuta. Hata kwa risasi za zamani za Mosin ni hivyo hivyo: chumvi ya kiwashio huyeyushwa na maji, mafuta peke yake yanaifunika tu na kutu inaendelea chini yake. Pengine giza la mdomoni mwa ile Mosin limeanzia hapo.

Mzee_wa_Kutu
Maji ndani ya mtutu mimi siyatii hata mnishikie kisu. Mafuta ya kupenya na brashi ya shaba.

Nahodha71
Jina lako Mzee wa Kutu, au nimekosea?

Kitako_Imara
Wakuu, turudi kidogo. Nimempigia mwenye (T), anasema mkanda umeshikamana na gundi na hataki niuvue kabla ya kulipa, eti mbao itabanduka rangi. Nimemwambia nitakuja Jumamosi na kitambaa na spiriti nyepesi. K98k kuna mtu ameshaiulizia, sijamjibu.

Darubini_32
Usimjibu wa K98k kabla ya Jumamosi.

Vuta_Moja_kwa_Moja
Anayeulizia K98k anabadilishana na K31?

Singe_Ndefu
Habari wakuu, mimi mgeni. Nina M96 na singe yake, namba ya singe na ya bunduki hazifanani. Zilitolewa pamoja au niitafute nyingine?