Mtaa mzima umepata sanduku la barua, mimi naambiwa "wewe nani akuandikie?"

Mama_wa_Kusini

Wakuu habari za jioni. Yangu si nzuri. Naandika mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie.

Nimetoka sasa hivi kwenye uzinduzi wa masanduku ya barua ya mtaa wetu. Yule bwana mnamjua, simtaji. Mtu anayeishi Mtwara mjini na hajawahi kuamshwa na sauti yake, basi huyo kahamia jana usiku. Ni yuleyule wa kamati ya maji, wa kamati ya ulinzi shirikishi, wa kamati ya kila kitu. Leo mbele ya mtaa mzima, mbele ya wauza samaki, mbele ya ustadhi, mbele ya wakwe zangu waliotoka Songea, ameniambia:

"Wewe nani akuandikie barua?"

Watu wakacheka. Kicheko kile nina hakika kimesikika Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri, tena mimi niliunga mkono kwenye kikao. Tangu vibao vya anwani za makazi vibandikwe ule mwaka 2022 kabla ya sensa, kila nyumba ina namba, mtaa una jina, na postikodi tunayo, ile inayoanza na 63. Lakini barua bado tunapokea kwa kuombaomba. Huyu anatumia S.L.P. ya shule, huyu ya msikiti, mimi natumia ya ofisi ya shemeji. Tukakubaliana kila nyumba itoe elfu ishirini, lichomelewe kabati moja la vimlango, lisimikwe karibu na ofisi ya mtaa, barua zikija ziishie pale na kila mtu awe na ufunguo wake. Nililipa siku ileile. Jina langu limo kwenye daftari, mstari wa tatu, na tiki nyekundu pembeni.

Leo nafika, rangi ya bluu bado mbichi, ukigusa inabaki kidoleni. Naangalia namba: 11, 12, 13, 15, 16. Nikazunguka nyuma ya kabati nikidhani 14 iko upande wa pili. Nyuma ni bati tupu. Na 14 ndiyo nyumba yangu, kibao kiko juu ya mlango, aliyekigongomea ni yeye!

Nikamwendea kwa adabu, salamu nikatoa. "Mwenyekiti, mbona 14 siioni?" Hata usoni hakuniangalia, anakunja kitambaa cha uzinduzi. Ndipo akasema. "Wewe nani akuandikie barua?" Yaani hakufikiri, ilimtoka kama mate.

Mimi? Mimi naandikiwa! Mahakama iliniandikia kuhusu mirathi ya marehemu baba, barua ikalala ofisini kwa shemeji mpaka tarehe ya kufika ikapita. Ndugu zangu wakaenda, mimi sikwenda, wakasema nimesusa. Mpaka leo kaka yangu mkubwa hapokei simu yangu. Ndiyo maana nilitoa elfu ishirini wa kwanza wa kwanza. Halafu mtu anasimama mbele ya wakwe zangu ananiuliza nani aniandikie!

Na bado hamjasikia. Namba 1 na namba 2 zote zake. Moja ya nyumba, moja ya genge. Genge la nyanya lina sanduku la barua, mimi sina.

Nani akuandikie barua. Mbele ya wakwe.

Dagaa_Mkavu

Nimetandika mkeka hapa. Wenye mtaa wao waje.

Fundi_Geti

Pole sana mama. Naomba kuuliza, hilo bati ni geji ngapi? Na tundu la kutumbukizia barua liko mbele au juu? Kama liko juu hapo mmepigwa, mvua za Desemba zikianza mtakuwa mnaanua barua kwenye kamba. Tundu linakaa mbele na linawekewa kikofia. Na kwa huku kwetu chumvi ya bahari haina msamaha. Wasipopiga redi oksaidi kwanza ndiyo waje na rangi ya mafuta, kutu inaanzia kwenye maungio, mwaka hauishi unaona mwanga upande wa pili.

Mama_wa_Kusini

Tundu liko juu. Redi oksaidi sijaiona. Lakini hoja yangu si bati, fundi. Hoja yangu ni nilivyojibiwa! Nina umri wa kumzaa yule!

Mtani_Wenu

Mama usinichukie, lakini swali si baya. Tuache hiyo ya mahakama. Ukiitoa hiyo, nani anakuandikia?

Mama_wa_Kusini

Na wewe ni wa genge lake, nimekujua. Barua moja ya mahakama inatosha kuvunja ukoo, yangu imeshavunja. Tena mfuko wa pensheni unaniandikia. Hata asiponiandikia mtu yeyote mpaka kiama, elfu ishirini yangu si ameichukua? Wakati anaipokea aliniuliza nani ananiandikia?

Dagaa_Mkavu

Hapo mama kapiga msumari. Pesa haikuulizwa.

Jirani_wa_Mwembeni

Mimi nilikuwepo, naomba nisahihishe. Hakusema "wewe nani akuandikie barua". Alisema "nani akuandikie barua wewe mama, si una simu?" Na aliyecheka kwa sauti ni yule kijana wa bodaboda, wengine tulitabasamu tu.

Mama_wa_Kusini

Ulitabasamu! Jirani yangu kabisa, chumvi unachukua kwangu, ulitabasamu!

Jirani_wa_Mwembeni

Mama tusifike huko. Mimi mwenyewe nina malalamiko. Kufuli wamenunua dazani za aina moja, ufunguo wangu wa namba 9 umefungua 15, umefungua 16, umefungua na 21. Nimejaribu mbele ya mjumbe, ameshuhudia. Na kabla sijafika nyumbani sanduku langu lilishajaa: kadi mbili za mchango wa harusi na moja ya mchango wa unyago. Barua hakuna hata moja. Kumbe tumechangishana elfu ishirini ili tuchangishwe vizuri.

Shangani_Kwetu

Hahaha wallahi hapo mmenimaliza. Zamani ukiona mtu anakuja na bahasha unatoka mlango wa nyuma. Sasa hivi unakimbia wapi?

Kijana_wa_Chuno

Lakini wazee wangu, dunia imeshatoka huko. Kuna huduma ya Posta Kiganjani, namba yako ya simu ndiyo inakuwa anwani. Unajisajili, mzigo au barua yako ikifika unapata ujumbe. Bili ya maji inakuja kwa meseji, umeme ni LUKU, kodi ya jengo inakatwa hukohuko kwenye LUKU. Hilo kabati mngelifanya la kuku.

Fundi_Geti

Kuku hawezi kukaa kwenye bati juani kijana, labda umpike.

Mama_wa_Kusini

Kijana, mahakama haikutuma meseji. Na mimi sikuomba ushauri wa simu. Nimesema nimedhalilishwa. Wakwe zangu wamekaa sebuleni sasa hivi, wameacha hata kunywa chai, wananionea huruma. Mimi wa kuonewa huruma na wakwe!

Mzee_wa_Lindi

Afadhali nyie mna kabati. Sisi huku Lindi hata kibao cha mtaa hatuna tena. Kile cha chuma kiling'olewa na nguzo yake usiku, kikaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mgeni akija unamwelekeza kwa mwembe, na mwembe wenyewe ulishakatwa. Postikodi yetu inaanza na 65, ndiyo kitu pekee ambacho hakijaibiwa.

Shangani_Kwetu

Lindi na nyie mnalalamika nini, si mko karibu na Dar.

Mzee_wa_Lindi

Karibu na Dar kwa nani? Njoo upande basi na mimi wakati wa mvua ndiyo uniambie karibu.

Newala_Juu

Mko mjini mnagombania vimlango vya bati. Huku kwetu mwenzenu nilipeleka korosho chama cha msingi, zikaingia ghalani, zikaenda mnadani, bei tukatangaziwa tukapiga makofi. Pesa ilipoingia benki nakuta makato mimi siyajui, hili la gunia, lile la usafiri, jingine limeandikwa herufi tatu tu. Nimeuliza katibu, kaniambia "soma risiti". Risiti yenyewe imefutika. Nani wa kulalamika hapa?

Dagaa_Mkavu

Newala umeshinda. Leta uzi wako tuje.

Mama_wa_Kusini

Jamani mada. Mada ni namba 14. Kesho asubuhi naenda ofisi ya mtaa na lile daftari, anayetaka kunisindikiza aje, nitamtaka ayarudie maneno yale mbele ya mtendaji. "Nani akuandikie barua." Ayarudie.

Newala_Juu

Mama tuko pamoja. Ila kwa kuwa umetaja daftari, hata salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, msimu huu imegawiwa kwa daftari. Mimi nina mikorosho, jina halimo. Jirani ana minazi miwili, kapewa mifuko.

Mzee_wa_Lindi

Hiyo ya salfa hata huku! Maua yameshatoka, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, umeingia, ukienda ghalani unaambiwa subiri. Ubwiriunga unasubiri?

Fundi_Geti

Mimi nina pampu ya mgongoni nakodisha kama kuna mwenye shida. Injini nimeifumua juzi, iko vizuri.

Newala_Juu

Bei gani kwa siku, na mafuta ya nani?

Fundi_Geti

Mafuta yako. Bei tutaongea inboksi. Ila uianze alfajiri, umande bado uko kwenye majani salfa ishike. Jua likitoka na upepo wa kusi ukianza, unga wote unakwenda kwa jirani.

Jirani_wa_Mwembeni

Kwa jirani ndiyo kwangu huko. Mwaka jana nguo zote za watoto zilinuka salfa wiki nzima, nikaenda kumwambia mwenye shamba, unajua alinijibu nini?

Shangani_Kwetu

Alikujibu nini?