Waliolazwa kwa mafua ya nguruwe (H1N1): wanakuja vipi? Tupeane uzoefu

Nesi Katindo: Nimeona picha za wodi za mlipuko wa 2009, nikasema tuulizane. Homa na kikohozi kila mtu anajua. Kinachotupoteza ni kuharisha na kutapika: mgonjwa anatibiwa palu (malaria) na tifoidi huku pafu linajaa.

Docta Ibanda: Na umri! Kati ya wagonjwa 272 waliolazwa Marekani mwanzoni mwa 2009, wenye miaka 65 na zaidi walikuwa 5 tu kwa mia. Robo waliingia uangalizi maalumu, 7 kwa mia wakafa.

Mama Kadutu: Hatari ni siku ya nne, ya tano. Mama mwenye mimba ya miezi 7 asubuhi anaongea, oksijeni ya damu 93 kwa mia. Jioni 84, anapumua mara 36 kwa dakika, sentensi haimalizi. Bomba la pua la oksijeni, lita 5 kwa dakika, halimtoshi tena. Mvalishe barakoa yenye mfuko, lita 10 hadi 15. Mfuko ukisinyaa anapovuta, ongeza. Sasa pigeni hesabu: mtungi wa lita 6,000 kwa lita 15 unaisha kabla ya muda wa saa 7 kupita. Mashine nyingi za kutengeneza oksijeni zinatoa lita 5 tu, na umeme ukikatika zinanyamaza. Mtungi wa pili uwe kando ya kitanda kabla ya giza. Alale ubavu wa kushoto, kichwa juu. Oseltamivir (dawa ya virusi vya mafua) miligramu 75 asubuhi na jioni, siku 5, bila kungoja majibu. Hata saa 48 zikipita, mpe. Mimba si kizuizi.

Yaya Himbi: Kweli tupu. Huo mfuko!

Labo Katuba: Halafu mnamimina antibiotiki. Virusi havizisikii.

Docta Ibanda: Papa, nani kasema zinaua virusi? Homa ikishuka kisha ikarudi na makohozi ya usaha, mara nyingi ni bakteria: pneumokoki au stafilokoki.

Labo Katuba: Basi ngoja irudi!

Mama Kadutu: Aliye kwenye lita 15 hangoji.

Kijana wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi: Nyama ya nguruwe tuache?

Yaya Himbi: Iive tu, utuletee na sisi. Tangawizi na limau pia si mbaya.

Nesi Katindo: Tangawizi sawa. Aspirini kwa mtoto, hapana kabisa: ini na ubongo vinaweza kuharibika. Parasetamoli.

Labo Katuba: Na swabu za kuchukulia sampuli puani msiniletee za pamba zenye kijiti cha mbao, zinaharibu kipimo. Polyester, kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8.