Mrejesho: Falsafa ya Wastoa na roho isiyoridhika

Wakuu, niliuliza kama falsafa ya Wastoa, wale wanafikra wa kale wa Ugiriki na Roma, inaweza kumtuliza mtu anayeshinda kwenye simu akijilinganisha na wenzake. Mlionielekeza kwa Epictetus, mmoja wao, asanteni sana. Yule aliyezaliwa mtumwa anatenganisha yaliyo mikononi mwetu, yaani fikra na matendo yetu, na yasiyokuwemo: mali, sifa, cheo. Mwenzangu alipopandishwa cheo nikaachwa, nilijiuliza kipi hapo ni changu. Kazi yangu tu. Wivu haukuisha, ila usingizi nilipata.

Kinachonifaa zaidi ni zoezi la Seneca, Mstoa wa Roma: usiku, taa ikishazimwa, unajihoji siku umeiendeshaje. (Najua, alikuwa tajiri wa kutupwa, kwake kuridhika kulikuwa rahisi!) Zoezi jingine la Wastoa, la kuwazia kuwapoteza niwapendao, limenishinda. Linanitia hofu tu, nimeliacha.