Kukataa kutoa rushwa peke yako kunasaidia kweli?

Kipepe2:
Wakuu habari za mchana. Nafuatilia hati ya kiwanja cha marehemu mzee, nyaraka zote zipo, ada nimelipa kwa control namba, ila faili halitembei na kila nikienda naambiwa "si unajua mambo yalivyo ndugu yangu". Nimegoma kutoa kwa sababu hiyo hela ya soda ndo inafanya mjane asiye na kitu azungushwe miaka. Ila waliotoa washapata hati zao, mi nimebaki najiuliza mtu mmoja akikaza inabadilisha nini.

Mzee wa Gongo la Mboto:
Ningekuwa mimi natoa yaishe, nyumbani wanataka hati. Waanze kusafishwa wakubwa huko juu, karani mshahara wenyewe haufiki tarehe 15.

binti_msomi:
Shikamoo mzee, ila hapo juu tulishaanza mbona. Februari 2008 Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu baada ya kamati teule ya Bunge kusoma ripoti ya Richmond, ile kampuni ya umeme wa dharura, baraza likavunjika, nchi nzima masikio redioni, ila madirishani watu waliendelea kudaiwa chai kama kawa. Mi naamini zaidi yale ya polepole. Takrima mnaikumbuka? Sheria ya uchaguzi ilimruhusu mgombea kukirimu wapiga kura, eti mila, LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) na wenzao wakaenda Mahakama Kuu na 2006 vile vifungu vikafutwa kwa kupingana na katiba, halafu 2010 ikaja sheria ya gharama za uchaguzi. Rushwa ya uchaguzi haijaisha, muulize yeyote aliyewahi kuwa mjumbe wa kura za maoni za chama, ila leo anayetoa anajificha na anaweza kushtakiwa, zamani alikuwa anagawa mchana kweupe na sheria iko upande wake. Hiyo control namba nayo ni hivyohivyo, ada ya serikali ilikuwa inapita mikononi mwa mtu, sasa inaenda moja kwa moja, kilichobaki ni huyo anayekalia faili, na huyo anaishi kwa sababu tunamlipa.

Fundi Ramani:
Kipepe usikomee kukataa kwa mdomo maana hilo halibaki popote. Andika barua ya kuulizia faili, taja tarehe uliyolipa, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa masjala, nyingine kwa Kamishna Msaidizi wa Ardhi wa mkoa. Akikutajia kiasi piga 113 TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, ni bure. Na kumbuka sheria ya rushwa ya 2007 inambana anayetoa sawa na anayepokea, kwa hiyo mzee hapo juu asikuponze. Halafu tafuta waliokwama kama wewe mtaani kwenu, barua zikiwa nyingi hawawezi kusema ni faili moja limepotea.

Kipepe2:
Ahsanteni sana wakuu. Majirani wawili wamekwama kama mimi, jioni nawapitia tuandike wote. Fundi, barua iwe moja tusaini wote au kila mtu na yake?

Fundi Ramani:
Kila mtu na yake, na namba ya kiwanja juu kabisa.