Wadau, kati ya saksofoni besi, kontrabesi na tubaksi, ipi ina mzito wa kweli?

Msanga_Mkuu: Habari za jioni wakuu. Bendi yetu iko hapa Mtwara, tunataka saksofoni ya chini kabisa. Nimesikiliza klipu nyingi, zote naona zinafanana. Naombeni ushauri, usingizi sipati.

Fundi Pedi: Umesikilizia nini?

Msanga_Mkuu: Simu.

Fundi Pedi: Ndiyo maana. Noti ya chini ya besi, Bb kwa vidole, ni kama mitetemo 52 kwa sekunde (52 Hz), ya kontrabesi 35 Hz. Spika ya simu haifiki huko. Unasikia vipande vya juu tu, sikio linajijazia. Vaa hedifoni nzuri urudie. Besi ni ya mviringo, laini. Kontrabesi noti za mwisho utasikia mtetemo mmoja mmoja, na sauti inachelewa kushika. Tubaksi, saksofoni ya fundi Eppelsheim wa Ujerumani, bomba lake ni jembamba zaidi, kwa hiyo inakwaruza, sauti kama ya puani.

Kirikuu Lindi: Korosho imelipa mwaka huu naona 😂

Dada Chuno: Mnapigia wapi, kaka? Ukumbini au barabarani?

Msanga_Mkuu: Sehemu mbalimbali.

Dada Chuno: Jibu swali.

Msanga_Mkuu: Matarumbeta ya harusi. Juu ya kirikuu. Lakini besi itafaa tu, watu wanapenda mzito.

Dada Chuno: Kirikuu kinatembea, ngoma kubwa iko pembeni, injini inaunguruma. Hao wanakalia hapohapo kwenye 50 Hz, besi itamezwa. Baritoni, saksofoni iliyo juu kidogo ya besi, ina makali, inapenya. Kontrabesi ni karibu mita 2, mtaishikia wapi?

Mzee wa Mikindani: Harusi siku hizi kelele tupu. Zamani watu walikula wakaondoka.

Nyangao_01: Chai hii. Mtu wa kirikuu anaulizia tubaksi? Lete picha.

Msanga_Mkuu: Chai gani tena? Nimeshatanguliza nusu kwa muuzaji wa Dar. Ameandika "besi".

Fundi Pedi: Hilo ndilo ungeanza nalo! Mwambie abonyeze vidole sita vya katikati pamoja na kidole kidogo cha kulia, apulize mbele ya tyuna, kile kifaa cha kupimia noti, akutumie video. Kwa vidole hiyo ni C ya chini, ila tyuna inasoma noti inayotoka kweli. Ikisoma Bb ni besi, ikisoma Eb ni baritoni.

Msanga_Mkuu: Ametuma. Eb.

Nyangao_01: 😂😂 Nafuta kauli, si chai.

Msanga_Mkuu: Si Dada kasema baritoni inapenya? Basi nilichagua vizuri.

Dada Chuno: Chombo sawa, bei ya besi siyo. Teta naye. Na kabla ya kumalizia hela, mtu wako wa Dar aingize taa ndogo ndani ya bomba, gizani, afunge pedi zote, vile vifuniko vya matundu, polepole. Mwanga ukichungulia, pedi inavuja. Pedi ya juu ikivuja, noti za chini ndizo zinazogugumia au kuruka oktava. Akague springi pia, kwa chumvi ya huku zenye kutu hazimalizi masika.

Fundi Pedi: Ikigugumia na pedi ni nzima, toa maji kwenye pindo la juu la bomba kwanza.

Msanga_Mkuu: Sawa. Ridi za besi, vile vibanzi vya kufunga kwenye kipulizio, nilishanunua boksi zima, zitaingia?

Fundi Pedi: Hazikai. Ni pana kuliko kipulizio cha baritoni. Usizikate, ziuze.